Salamu za Mzee kutoka Tororo

Malaba, 14 Februari 1976

Mke wangu Zulaika, Mama Nusura,

Assalam aleikum. Mwandiko ni wa Okwara dereva wangu, kama kawaida, maana macho yangu na karatasi vilishakosana zamani. Maneno lakini ni yangu. Akichomeka lake humu, leo hanywi chai.

Tumeshavusha matano. Austin mawili, Morris, Chevrolet, na lile Ford ambalo kuku wa Tororo walilifanya nyumba ya kutagia. Hakuna linalowaka hata moja. Tumeyavuta, tumeyasukuma, tumeyapandisha kwenye lori kwa mbao na kamba, na mgongo wangu sasa naukuta kila mahali isipokuwa mahali pake. Yamepangwa uani kwa forodha, upande wetu, na watu wanakuja kuyatazama kama maharusi. Limebaki moja, Humber jeusi, kubwa kuliko yote, na ndilo Bwana Hirji analolililia. Tunavuka kesho kutwa kulifuata.

Najua umechoka kusikia habari za mikweche ya marehemu baba yake Bwana Hirji. Mimi pia nimechoka. Lakini tulipeana mkono, yeye na mimi: siku gari la sita litakapoingia kwake Mombasa, nyumba hiyo unayokaa, na duka lake la mbele, vinaandikwa jina letu. Alipofukuzwa Tororo pamoja na Wahindi wenzake aliacha kila kitu na hakulalamika. Haya magari tu ndiyo yanamnyima usingizi. Kila mtu na ugonjwa wake.

Mwambie Nusura baba anakuja. Chini hapa naweka jina langu mwenyewe, usije ukasema Okwara ndiye mume wako.

ABDALLAH

Mama, chai ameshaikata. Okwara.


Busia, 18 Februari 1976

Baba Nusura,

Waaleikum salaam. Okwara akusomee polepole, na asiruke mahali penye aibu.

Juzi amekuja tena mtu kuuliza kama chumba cha duka kinapangishwa. Nikamwambia kina mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe ni nani, nikainamia cherehani nikaendelea kushona. Tumekaa nyumba hii miaka tisa na kila anayebisha hodi naona kama amekuja kututoa. Kwa hiyo vuta hayo magari, mume wangu, yavute hata kwa meno. Lakini usije ukadhani ninachotaka ni kuta. Nataka wewe ukae ndani ya hizo kuta. Safari hii ikiisha, lori aendeshe Okwara na wewe ukae mlangoni ugombane na wapita njia kama wanaume wengine.

Njoo kabla ya Maulidi. Nguo yangu nimeshaikata, ya kijani. Ukichelewa nitaivaa bila wewe na nitapendeza vilevile.

Mkeo,
Zulaika


Malaba, 23 Februari 1976

Mama Callistus, mke wangu Rosebella,

Tumsifu Yesu Kristo. Tafuta mahali ukae, kisha usome.

Mzee Abdallah amefariki. Ijumaa, tarehe ishirini, hapo Tororo. Tulikuwa tunapandisha Humber kwenye lori. Gari halina breki, hilo tulilijua, kwa hiyo kila likipanda kidogo kulikuwa kunawekwa jiwe nyuma ya gurudumu. Yeye ndiye aliyekuwa akiweka jiwe. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, si unamjua. Kamba ikakatika. Rosebella, gari lile halikukimbia. Lilirudi polepole tu, kama ng'ombe anayerudi nyuma, na yeye hakuwahi kutoka.

Alikaa na akili zake kidogo. Aliniambia, "Okwara, magari yafike." Baada ya hapo alikuwa anasali kwa dini yake, sikumkatiza. Waislamu wa pale walimwosha, wakamsalia na kumzika jioni ile ile, ndivyo wanavyofanya, hawalazi maiti. Mimi nilisimama nje ya msikiti nimeshika viatu vyake. Mzee wao mmoja alitaka kutuma mtu Busia. Nikasema habari nitapeleka mimi niliyesafiri naye. Akakubali, na pia siku hizi kila mtu anaogopa kuvuka.

Humber tulilipandisha kesho yake, na leo liko Malaba pamoja na mengine. Mimi niko hapa. Busia sikwenda.

Sikiliza sababu kabla ya kukasirika. Kibali cha lori kina majina mawili, la mzee na la mkewe. Bwana wa forodha ameniambia mmoja wa hao wawili lazima aje mwenyewe kutia sahihi, la sivyo magari yataozea hapa uani. Mzee hayupo. Amebaki Mama Nusura. Nikimwambia leo, atakaa eda. Unamkumbuka mama yake mzee alivyofiwa? Nilikuwa nampelekea maji hadi mlangoni miezi minne na zaidi, hakuvuka kizingiti. Mama Nusura akifungiwa hivyo, nani atakuja Malaba? Magari hayatoki, na nyumba inakwenda.

Kwa hiyo nitamwambia magari yakishafika. Msiba hauozi. Hata kwetu Funyula mtu akifia mbali, kilio kinaanza siku habari inapofika nyumbani, hata kama ni baada ya mwaka. Ataweza kukaa eda yake yote ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila mtu wa kumwondoa.

Mtu yeyote asijue.

Mume wako,
Protus Okwara


Malaba, 26 Februari 1976

Mama Nusura,

Salamu nyingi. Mzee anakusalimu sana na anasema usiwe na wasiwasi.

Humber limeshavuka. Mzee mwenyewe amebaki Tororo kwa sababu wakubwa wa kule wameshika karatasi zake, wanasema leo, wanasema kesho. Amenitanguliza na lori. Kwa kuwa mwandishi wake niko upande huu, nitakuwa nakuletea salamu zake kila mtu anapovuka. Anasema Nusura asome kwa bidii.

Forodha wanataka sahihi, yake au yako. Watakapotuita itabidi ufike Malaba. Barua hii anakuletea Ekwaro wa Chakol, anakuja Busia na baiskeli kuuza mihogo. Mpe majibu yeye.

Wako,
Okwara


Nangina, 9 Machi 1976

Baba Callistus,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara naweka chini nakwenda kufanya kazi nyingine.

Nimemlilia mzee. Callistus alipougua, mzee ndiye aliyembeba mgongoni kutoka lori hadi hospitali ya misheni, na hakuwa wa damu yake. Naomba unieleze jambo moja. Mzee alikuambia umfiche mkewe? Umeandika kwamba alisema magari yafike. Hilo la kuficha sijaliona.

Unasema msiba unasubiri. Kwetu ndiyo, unasubiri. Kwao sijui, na wewe pia hujui, umeona mama mmoja tu amekaa ndani. Hapo Malaba Waislamu wamejaa, wengine wanauza dukani mbele ya hayo magari yako. Muulize hata mmoja, bila kumtaja mtu. Utapungukiwa nini?

Mvua imeanza. Paa la jikoni linavuja palepale. Njoo hata siku moja.

Rosebella


Busia, 15 Machi 1976

Baba Nusura,

Assalam aleikum. Salamu zako Okwara analeta, ahsante, lakini safari hii alisahau kukupa kalamu uweke jina lako chini. Barua bila zile herufi zako zilizopinda naona kama chai bila sukari.

Maulidi imepita. Tulisomewa hapa uwanjani mpaka sauti za wasomaji zikakauka. Nguo ya kijani niliivaa. Nilipaka hina mikono yote miwili hadi karibu na viwiko, kina mama Shamsa wakanicheka, wakasema bibi harusi tunamwona, bwana yuko wapi. Nikawaambia bwana anaoa magari Tororo. Tulicheka sana. Niliporudi nyumbani nilichoka ghafla, nikalala na hina yangu, na asubuhi shuka lote lilikuwa jekundu.

Nisikilize. Kama ni karatasi ndizo zinakushika, ziache. Rudi.

Zulaika


Malaba, 20 Aprili 1976

Mama Callistus,

Pasaka nimekula ndani ya Chevrolet. Alupo, yule mama anayetuuzia uji, aliniletea kuku, tukala mimi na mlinzi wa forodha tukitazama mvua. Nalala humo siku hizi, kiti cha nyuma ni kirefu. Watoto wa hapa wanacheza harusi kwenye Austin na mimi nawafukuza, halafu wanarudi, halafu naacha. Nimechoka, Rosebella, hata kufukuza watoto nimechoka.

Mama Nusura alikuja wiki iliyopita, kabla ya sikukuu. Barabara kutoka Busia ni matope matupu, walisukuma gari mara mbili kabla ya kupita Chakol, na bado alishuka amevaa vizuri, ananukia udi, macho ameyapaka wanja. Alidhani mzee atavuka kumwona. Alitia sahihi pale alipoonyeshwa, hakusoma hata mstari. Bwana wa forodha alisema lori linaweza kuondoka mwisho wa Mei, wakimaliza kukagua namba za injini moja moja.

Kisha alinivuta pembeni. "Okwara, nipeleke ng'ambo nikamwone, hata dakika tano." Nikasema hawapitishi mtu wiki hii. Akatembea mpaka karibu na daraja akasimama. Unajua kutoka pale lile jiwe kubwa la Tororo linaonekana. Akaniuliza kama mzee analala karibu na lile jiwe. Nikamjibu ndiyo, karibu kabisa. Siku nzima hilo ndilo neno la kweli nililomwambia.

Ameacha kifurushi. Kanzu mpya, visheti na chupa ndogo ya mafuta mazuri. Nilipokea kwa mikono miwili.

Usiniandikie maneno makali. Yote utakayoyasema nimeshajiambia. Lakini sahihi imepatikana, nusu ya kazi imekwisha. Nikimwambia sasa, Bwana Hirji atasikia kwamba aliyempa mkono amekufa, na mkono wa maiti nani anaujali? Acha yafike. Baada ya hapo atalia atakavyo, na mimi nitakaa mlangoni kwake nimletee maji.

Protus


Nangina, 16 Mei 1976

Baba Callistus,

Nimekwenda Busia sokoni kutafuta kitambaa cha sare ya Callistus. Nilipita mbali na duka la Mama Nusura makusudi, lakini aliniona, akaniita kwa sauti, akanikumbatia. Alinipimia kitambaa bora kuliko nilichotaka. Alikuwa amejipamba, anaimba imba. Akaniuliza kama wewe unaniandikia, kwa maana mume wake yeye amekuwa mvivu wa salamu.

Nilisema unaniandikia. Nikatoka pale nikasahau chenji.

Siwezi tena, Protus. Mimi si wa kumwambia, habari hii uliomba uibebe wewe. Lakini nikikutana naye mara nyingine nikalia, usiniulize kwa nini.

Na lile nililokuambia uulize, umeuliza?

Rosebella


Busia, 6 Juni 1976

Okwara,

Barua hii ni yako wewe, usimsomee Baba Nusura. Najua magari matatu ya kwanza yameshafika Mombasa na umerudi Malaba kuchukua mengine. Kwa hiyo kazi inakwenda, lori linakwenda, wewe unakwenda, ni mume wangu tu asiyekwenda.

Mimi si mtoto. Karatasi hazishiki mtu miezi mitatu na nusu. Angekuwa amefungwa ungeniambia, kwa sababu tungetafuta mtu wa kumtoa. Limebaki moja. Ameoa Tororo.

Nimeweka kalamu chini nikaishika tena. Nilipokuja Malaba nilikuuliza analala karibu na jiwe, ukajibu haraka, na macho yako yakakimbilia chini. Niliporudi nilijiambia ni uchovu wako. Sasa naona ulikuwa unaijua nyumba yenyewe na aliyemo ndani.

Mwambie hivi. Dini inamruhusu, sitamzuia. Lakini kunifanya nijipambe nipande gari kwenye matope, nisimame darajani watu wananitazama, na yeye yuko ng'ambo na mwanamke, hilo sitamsamehe. Kila siku nikimaliza kusali namsemea maneno ambayo mke hapaswi kumsemea mumewe. Namwombea mabaya, Okwara. Nataka ajue.

Mimi nakuomba ukweli, wewe uliyekula chungu kimoja naye. Ameoa au hajaoa?

Zulaika


Malaba, 9 Juni 1976

Mama Nusura,

Hajaoa. Naapa kwa Mungu anayeniona, mzee hajaoa na hana mwanamke Tororo wala popote. Usimwombee mabaya, nakusihi, acha leo hii.

Mengine nitakueleza nikishusha gari la mwisho. Tunaondoka kesho. Nivumilie safari hii moja.

Okwara


Mombasa, 3 Julai 1976

Mama Nusura,

Uwe umekaa, na Nusura awe karibu yako.

Mzee Abdallah amefariki. Si leo, si jana. Ilikuwa Ijumaa tarehe ishirini Februari, Tororo, tukipandisha Humber. Kamba ilikatika, gari likamrudia. Waislamu wa pale walimzika vizuri siku hiyo hiyo, na kaburi lake liko karibu na lile jiwe. Kila salamu uliyopata baada ya siku ile ilikuwa yangu. Yeye hakuwepo kuituma.

Sina namna ya kuliandika hili likawa jepesi. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa magari yafike. Nikaona ukijua utakaa eda, hutaweza kuja Malaba, na nyumba itapotea, na yeye atakuwa amekufa bure chini ya gari la mtu. Nikajiambia msiba utangoja. Kwetu unangoja. Kila nilipoandika "mzee anakusalimu" niliona aibu, halafu nikaandika tena. Uliposema ameoa ndipo nilipojua nimefanya nini, lakini nilikuwa na matatu ya mwisho uani. Kisha lori lilikufa Timboroa, tukakaa huko kwenye baridi tukisubiri kipuri, mimi na magari matatu ambayo nayo yamekufa.

Humber limeingia kwa Bwana Hirji jana. Alilizunguka akiligusa, kisha akauliza, Abdallah yuko wapi? Nikamwambia. Bwana Hirji aliketi chini kwenye vumbi kando ya gurudumu. Baadaye akauliza kama mkewe anajua. Nilipojibu hapana, alinifokea vile ambavyo sijawahi kufokewa. Alisema mkono alioutoa kwa Abdallah ni mkono wa nyumba nzima, ungemfikia mkewe hata yeye mwenyewe akiwa kaburini. Akaniwekea karatasi na kalamu mezani kwake, hapa ninapoandika, akasema sitoki mpaka niimalize. Hati ya nyumba anakutumia na mtu wake, kwa jina lako peke yako.

Kwa hiyo sasa nyumba ni yako, Mama Nusura. Unaweza kukaa eda yako yote, hakuna wa kukubishia hodi. Lori likitengenezeka nitakuja, na kama utanikataza mlangoni nitarudi.

Nilimpenda mzee.

Protus Okwara


Busia, 13 Julai 1976

Okwara,

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma dukani nimesimama, na mteja ananisubiri nimpimie kitambaa. Nilimpimia. Sijui kwa nini nilimpimia. Kisha nikaingia ndani, nikavua bangili, nikavaa nyeupe, nikafunga mlango wa duka na wa nyumba, nikamtuma Nusura akamwite Sheikh.

Sheikh alikaa mkekani akaniuliza siku. Nikamwonyesha ulipoandika. Akahesabu kwa miezi yetu, akarudia kuhesabu, na nikamwona anatamani hesabu ikatae. Ndipo akanieleza kwamba eda ya mjane huanza siku mume anapokufa. Habari ikichelewa, siku hazimsubiri. Miezi minne na siku kumi zangu zilitimia mwezi uliopita, kabla hujashika kalamu. Akasema, "Mwanangu, eda yako imekwisha. Huna ya kukaa."

Nikamwuliza imekwishaje na mimi sijaianza. Akasema ndivyo ilivyo, na Mungu hamwandikii kosa asiyejua. Namwamini. Lakini sasa najua, Okwara, na zile siku ninazo zote. Siku ya Maulidi mume wangu alikuwa na wiki tatu kaburini na mimi nina hina hadi viwikoni nawachekesha wanawake. Siku ya Malaba nilijifukiza udi. Na mwezi wa sita, siku za mwisho kabisa nilizopewa za kumlilia, nilizitumia kumlaani. Mwanamke mwingine akifiwa, hata awe maskini wa kuomba, siku zile hupewa. Mimi zangu zilipita duniani bila mimi.

Na ungeniambia, ningekuja. Mjane akiwa na jambo la lazima hutoka mchana, akarudi kwake kabla ya giza. Mama mkwe wangu hakuwa na jambo, na alikuwa mzee, ndiyo maana hukumwona akivuka kizingiti. Ningekuja Malaba na nyeupe yangu, bila wanja, ningetia ile sahihi nikijua naitia kwa ajili ya nani. Magari yangefika vilevile. Bwana Hirji angetoa nyumba vilevile. Kulikuwa na neno moja tu la kuuliza, na Malaba pana Waislamu mia wa kuulizwa.

Nimejaribu kukuchukia nimeshindwa. Nimechoka mno, na najua umelala miezi kwenye viti vya magari ya watu kwa ajili yangu na Nusura. Mume wangu hakuwa na ndugu aliyempenda kukushinda wewe. Rosebella alikuja Jumamosi kutoka Nangina. Alikaa nami, akafua, akapika, akaondoka jioni. Hati nayo imefika. Jina langu limeandikwa vizuri.

Usiniandikie tena. Njoo mwenyewe unikalie hapa unieleze ile Ijumaa tangu asubuhi, alikula nini, alivaa shati gani, alikuwa anachekea nini kabla ya ile kamba. Usiniruke mahali.

Ukifika usibishe hodi, pita tu. Nyeupe nimeivua, Sheikh ameniambia siku tatu zinanitosha kama ndugu yeyote. Wanaokuja kunipa pole wananikuta napima vitambaa, na wawili wamegeuka wakidhani wamekosea mahali. Natamani kuufunga mlango nikae. Nyumba ni yangu, mlango ni wangu, na haki ya kuufunga sina.

Zulaika